Taa Ilianguka

Tanga,
Jumapili usiku

Mpwa wangu,

Bahasha yako niliipokea stendi Jumatano. Kondakta alikuwa ameikunja katikati kama karatasi ya kufungia vitumbua, lakini hakuna ukurasa uliopotea. Mama yako mwambie mafuta ya mwarobaini nimeyapata na mguu unaendelea vizuri, na yeye aache kubeba ndoo kwa mkono ule wenye kovu la uji. Nilimwona sikukuu akijikaza.

Hadithi yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza mchana, barazani, watu wakipita na salamu zao. Mara ya pili usiku, umeme umekatika, kwa tochi ya simu, na hiyo nilifanya kusudi, maana hadithi ya kutisha huwezi kuipima juani. Kurasa kumi na nne za mwanzo zilinishika. Nilipofika pale kijana wako anapohesabu viatu vilivyoachwa mlangoni akapata jozi moja zaidi, niliinuka kwenda kutazama komeo la mlango wa uani. Nimesoma miswada ya watu kwa miaka ishirini na minane, na iliyowahi kuniinua kitini naweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kurasa mbili za mwisho ndizo zilizonifanya nichukue kalamu badala ya kukupigia simu.

Kijana wako amepanga chumba cha uani. Kila saa tisa usiku anasikia mtu akitwanga upande wa pili wa ukuta, na jirani wa upande huo hana kinu. Mchumba wake, anasema, amesafiri. Anatuambia hivyo mara nne: kaenda Morogoro, kaenda Mbeya, kaenda Morogoro, kaenda "kwao". Hapo nilicheka peke yangu kwa furaha, nikasema mtoto huyu hajanieleza kitu na nimeshajua. Halafu ukurasa wa kumi na tano anatokea daktari na koti lake jeupe. Anatueleza kwamba kijana yuko hospitali ya Mirembe mwaka wa pili sasa, kwamba hakuna kinu wala chumba, na mchumba alikufa ajalini. Basi, mwisho. Nikabaki na tochi yangu kama mtu aliyealikwa pilau, akanawa mikono, akakaa mkekani, akaambiwa wali umeungua.

Kosa la daktari wako ni ukweli wake. Akishaingia mtu tunayeweza kumwamini, kila nilichokuwa nakitafuta mwenyewe gizani kinawashiwa taa na kuandikiwa jina, tena jina la ugonjwa. Na ugonjwa wa akili, mpwa wangu, ni ugonjwa. Tunao watu wetu waliougua. Ukiufanya uwe jibu la fumbo, umewaonea wagonjwa na umemnyima msomaji kazi yake, kwa mkupuo mmoja.

Ngoja nikuoneshe daktari mwingine. Mwaka 1892 Mmarekani mmoja, Charlotte Perkins Gilman, alichapisha hadithi fupi kuhusu mke anayeandika shajara kwa siri. Mume wake ni daktari. Amempeleka kwenye nyumba ya kupanga msimu wa kiangazi ili apumzike, na kupumzika kwenyewe maana yake ni kutoandika, kutofanya kazi na kutosisimka. Chumba alichopewa kiko juu kabisa. Kina nondo madirishani na pete za chuma ukutani, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni, na ukutani kuna karatasi ya manjano yenye nakshi mbaya ambayo imebanduliwa kila mahali mkono wa mtu aliyelala unapofika. Mama huyu anatueleza, bila wasiwasi wowote, kwamba bila shaka hapo zamani palikuwa chumba cha watoto. Watoto ndio waharibifu. Anasema hivyo, anaendelea na mengine, na sisi tuna nondo, pete na misumari mikononi mwetu hatujui pa kuviweka.

Lakini ninachotaka ukitazame kwa karibu ni alama moja. Chini kabisa, karibu na sakafu, anaona mchubuko ukutani, kama kitu kimesugua hapo mara nyingi. Unazunguka chumba kizima, unapita nyuma ya kila fanicha isipokuwa kitanda. Anajiuliza nani aliufanya na kwa nini, kisha anaachana nao. Kabla ya hapo ameshatuambia, kama umbea tu, kwamba wifi yake analalamika nguo zao zinaingia madoa ya manjano. Anapita. Kurasa zinakwenda. Mwishoni, akiwa anatambaa sakafuni akizunguka chumba, anafurahi kwamba bega lake linaingia sawasawa ndani ya ule mchubuko.

Hakuna anayesema lolote. Hakuna daktari anayetokea kueleza. Daktari mwenyewe amezimia. Sisi ndio tunaorudi nyuma kwa haraka, kwenye madoa ya nguo, tukijiuliza ametambaa kwa siku ngapi kabla hajatuambia, na yeye mwenyewe alijua tangu lini. Hofu inakuja pale, msomaji anapotangulia hatua moja mbele ya msimulizi na hawezi kumpigia kelele ageuke.

Gilman hakubuni kwa kukaa tu. Baada ya kujifungua binti yake mwaka 1885 aliugua sonona, na mwaka 1887 akatibiwa na daktari mashuhuri wa Philadelphia, Silas Weir Mitchell, kwa tiba ya kulazwa, kulishwa na kukatazwa kalamu. Mwaka 1913 aliandika mwenyewe kwamba tiba ile nusura imfikishe ukingoni, na kwamba nakala ya hadithi alimpelekea daktari yule, asijibiwe. Kwa hiyo tofauti yako na yake iko hapo: daktari wako amekuja kutatua jambo, wake ndiye jambo lenyewe.

Wahakiki wanamwita mtu wa namna hii msimulizi asiyeaminika. Istilahi hiyo aliiingiza Mmarekani Wayne Booth mwaka 1961, na wanafunzi wenzako wataitaja katika kila semina kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wakisema kweli. Sisi kwa bibi, kabla hadithi haijaanza, tuliitikia tukiuita uongo uje, tena uje na utamu wake. Tulikuwa tunajua tunachoagiza.

Sasa swali ambalo hukujiuliza, na ningekuwa bado kazini ningeliandika pembeni kwa wino mwekundu: kijana wako anadanganya ili alinde nini? Mwongo asiye na kitu cha kulinda ni mchekeshaji. Yule muuaji wa Edgar Allan Poe, wa mwaka 1843, anayesikia moyo ukidunda chini ya mbao za sakafu, kuua anakiri waziwazi. Analolinda kwa meno na kucha ni akili yake: mimi si kichaa, tazameni nilivyokuwa mwangalifu, tazameni nilivyofungua mlango polepole. Kila ushahidi anaouleta wa utimamu unamzamisha. Na katika The Turn of the Screw ya Henry James, ya mwaka 1898, yule mwalimu wa watoto anataka kuwa mlinzi wao shujaa. Ili pawe na shujaa lazima pawe na mzuka dirishani, na mtumishi mkuu wa nyumba anapooneshwa haoni kitu. Watu wamebishana zaidi ya miaka mia kama mizuka ilikuwapo. Mimi nimewahi kuamini pande zote mbili ndani ya wiki moja.

Kijana wako naye anacho cha kulinda, nimekiona: hataki kujua kwamba mchumba hakusafiri. Basi mwache asijue. Usimletee mtu wa kumwambia.

Nakuja kwenye Kiswahili chako, na hapa niwie radhi nikirefusha, kwa sababu hiki ndicho kilichonilisha. Umeandika kama mtu aliyesoma vitisho vya Kiingereza akaviona kwa macho ya Kiingereza: vivuli, milango inayolia, "ghafla" kila ukurasa. "Kumbe" nimezihesabu, ni kumi na moja. Kumbe ni neno la mtu aliyekwisha gundua, na wa kugundua ni mimi msomaji, kwa hiyo zifute zote. Lugha yako ina milango ya siri ambayo wenzako wa lugha nyingine hawana, nawe umepita dirishani.

Chukua vitenzi. Ukisema kikombe kilivunjwa, msikilizaji atauliza kilivunjwa na nani. Ukisema kikombe kilivunjika, hakuna pa kuuliza. Kimevunjika, basi, kama mvua ilivyonyesha. Maziwa yamemwagika, mlango umefunguka, pesa zimepotea. Kila mtoto aliyewahi kuharibu kitu nyumbani anaijua sarufi hii kabla hajaanza shule. Mpe kijana wako vitenzi hivi. Mwache asimulie usiku wa ile siku kwa upole na utaratibu, chupa ikidondoka, kitasa kikifungika, kanga ikichanika, na katika ukurasa mzima pasiwe na mkono wa mtu hata mmoja. Msomaji hatajua kwa nini anabanwa kifua.

Au upatanisho. Kiumbe chako cha ukurasa wa sita unakiita "kitu", kisha "yeye", kisha "kitu", kwa kutokuwa makini tu. Ingekuwa makusudi ningekuvulia kofia. Andika hivi: kitu kile kilisimama mlangoni, kilikuwa kimelowa. Mistari mitatu baadaye: akaniuliza kama nimekula. Usieleze. Na kinyume chake kinatisha zaidi. Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda akichana nywele. Nilimpa mgongo. Kiliendelea kuchana. Umeona? Herufi chache mwanzoni mwa kitenzi, na mtu ameshatoka chumbani, amebaki mwingine.

Hata "tu" ni mzuka. Mtu anayekaa peke yake anaposema jioni tulikula ugali, tukalala mapema, mhariri mzembe atalisahihisha. Mimi ningelizungushia duara na kuandika: acha.

Umeniuliza kama mambo haya "yana asili kwetu" na kama kuna waliotangulia. Wapo, ingawa hakuna aliyejiita mwandishi wa vitisho. Rudi kwa Kezilahabi. Kichwamaji, ya 1974, inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, msomi wa Chuo Kikuu, mkali kwa kila mtu, na mwishoni anajiua. Soma upya ukimshuku. Usimkubalie dharau zake kwa wanakijiji kwa kuwa tu zimeandikwa vizuri. Kisha Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, vitabu vyembamba ambavyo unaingia kama umeingia ndotoni mwa mtu mwingine na mwenye ndoto ametoka. Vilipotoka nilikuwa na mwenzangu wa meza ya pili aliyesema mzee amechanganyikiwa. Niliogopa kusema mbele yake kwamba nimekisoma Nagona hadi alfajiri. Halafu mtafute Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, ya 2001, ambamo aliyekufa anamrudia mjukuu aliyeota kitambi cha madaraka.

Sasa zile herufi zako ulizozipindua juu chini ukurasa wa tisa. Nilidhani printa imeharibika. Najua umetoa wapi: Mark Danielewski, House of Leaves, ya 2000, nyumba ambayo kwa ndani ni pana kuliko kwa nje kwa robo ya inchi. Robo ya inchi! Angesema mita kumi ningekifunika kitabu. Humo maneno yanabanana ukurasani mtu anapopita penye wembamba, na neno "nyumba" limechapwa kwa buluu kila linapotokea. Lakini ukurasa unapinda kwa sababu ukumbi umepinda. Wewe umepindua kwa sababu kompyuta inaweza. Rudisha ule ukurasa ulivyokuwa, uache neno moja tu lililokosewa, lile jina la mchumba, likosewe vilevile kila mara. Nilisoma prufu nusu ya maisha yangu. Hakuna kinachomtisha msoma prufu kama kosa linalojirudia kwa usahihi.

Mmoja tu tena. Mjapani, Akutagawa Ryunosuke, aliandika mwaka 1922 hadithi ya maiti iliyokutwa kichakani. Wanahojiwa watu saba, wa saba akiwa marehemu mwenyewe, anayesema kwa kinywa cha mganga kama pepo anavyosema kwa kinywa cha kiti chake kwetu hapa. Tumezoea waongo wanaosukumiana lawama. Wale ni tofauti: jambazi anasema nimeua mimi, mke anasema nimeua mimi, marehemu anasema nilijiua mwenyewe. Kila mmoja anang'ang'ania silaha iwe mkononi mwake. Kwa miaka mingi sikuielewa hadithi ile. Niliona ni ujanja wa mwandishi.

Nilikuwa na miaka minane, mama yako mitano, tuko kwa bibi Pangani. Jioni moja taa ya chemli ilianguka. Mkeka ukashika moto, moto ukalifikia sanduku la bibi lenye kanga zake za miaka yote na ile ya harusi. Majirani waliuzima kwa mchanga na maji ya mtungi. Bibi alitusimamisha uani akauliza. Nikasema: taa ilianguka. Imeangukaje? Nikasema paka ameiangusha. Bibi hakufuga paka, alikuwa na kuku wenye vifaranga, lakini paka wa watu hupita, na jambo likaishia hapo. Hakuchapwa mtu. Kisa hicho nimekisimulia kwenye maharusi na matanga kwa zaidi ya miaka hamsini, nawe umekisikia. Nilikuwa nikicheza kidali po ndani ya chumba nilichokatazwa, ndiyo kweli yake. Lakini nikifumba macho leo namwona paka yule. Wa rangi ya majivu, sikio la kulia limechanika. Namwona akiruka kutoka dirishani, naona mkia wake ukiigusa taa. Mkono wangu ndio nisiouona.

Idi hii iliyopita nilimwambia mama yako. Wewe ulikuwa umetoka na vijana. Nilimwambia dada, paka hakuwepo, nilisema uongo, taa niliiangusha mimi. Alikuwa anamimina chai. Hakushangaa, wala hakuacha kumimina.

"Paka alikuwepo, kaka," akasema. "Mweusi. Alinirukia mimi kwanza."

Akanisogezea kikombe, akauvuta upande wa kanga ukafunika kiwiko.

Mswada nautuma na basi la kesho saa kumi na mbili, nimeuandika pembeni kwa penseli ili uweze kufuta. Kurasa mbili za mwisho nimezibakiza huku. Usimwoneshe mama yako barua hii, au mwoneshe, sijui, utaamua mwenyewe.

Mjomba wako